Kura Nyingi, Viti Vichache: Mapatano ya ZNP na ZPPP katika Chaguzi za Zanzibar, 1961–1963

Ushirikiano wa Zanzibar Nationalist Party (ZNP, yaani Hizbu) na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) huelezwa mara nyingi kuwa hila ya wakoloni dhidi ya Afro-Shirazi Party (ASP). Maelezo hayo, kwa maoni ya mwandishi, hayatoshi: hayaonyeshi jinsi chama kidogo kilivyopata kauli iliyozidi ukubwa wake.

ZPPP ilizaliwa mwaka 1959 baada ya Mohamed Shamte na wenzake kujitoa ASP. Katika uchaguzi wa Januari 1961, ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wajumbe hao watatu walitofautiana: wawili waliiunga mkono ZNP, mmoja ASP, na Baraza likagawika 11 kwa 11. Likaongezwa jimbo la 23, Mtambile kisiwani Pemba, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Safari hii washirika walikuwa wameshaafikiana kutoshindana wenyewe kwa wenyewe. Walipata viti 13 dhidi ya 10, na Shamte, kiongozi wa chama chenye viti vitatu tu, akawa Waziri Kiongozi. Watu 68 waliuawa katika ghasia za uchaguzi huo, wengi wao Waarabu.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio unaodhihirisha hoja hii. ASP ilipata kura 87,085 na viti 13. Washirika walipata kura 73,559 na viti 18. Kwa wastani, kiti kimoja cha ASP kiligharimu takriban kura 6,700, na cha washirika takriban 4,090. Sababu kuu ni mtawanyiko: kura za ASP zilirundikana Ng'ambo na mashamba ya Unguja, ilhali washirika walikuwa na Mji Mkongwe na sehemu kubwa ya Pemba. Ushindi ulikuwa halali kisheria. Uhalali machoni pa walio wengi ni suala jingine.

Gharama ya mapatano ilionekana pia ndani ya ZNP. Kabla ya uchaguzi huo Abdulrahman Mohamed Babu alijitoa pamoja na vijana wa mrengo wa kushoto, wakaunda Umma Party. Serikali ya Shamte ilikipiga marufuku chama hicho mwanzoni mwa Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru wa 10 Desemba. Tarehe 12 Januari serikali hiyo ilipinduliwa, na Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali mpya.