Kanisa likitaka kupunguza hewa ukaa, lianzie jikoni

Ukisikia dayosisi inapunguza hewa ukaa, usifikirie taa za ibadani tu. KKKT lina Hospitali ya Selian nje kidogo ya jiji la Arusha, na Chuo Kikuu Makumira, Usa River. Taasisi za aina hii hulisha watu kila siku.

Ndiyo maana anayepewa kazi hiyo huanza na hesabu: kuni kiasi gani, dizeli lita ngapi. Lita 1 ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa.

Miti? Safi, Askofu Fredrick Shoo aliihimiza sana Kilimanjaro. Ila mche huchukua miaka kukua, na jiko la kuni linawaka leo.

Kinachokwamisha ni hela ya kuanzia: jiko kubwa la gesi hulipiwa kwa mkupuo, kuni kidogo kidogo.