Kidonge Kimoja, Wamama Wawili

Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara tukigusa habari ya ugonjwa wa huzuni, ule ambao wanganga wanauita depresio. Mama mmoja aliandikiwa amitriptilini. Baada ya wiki kadhaa akapata usingizi, akaanza tena kula bukari na kucheka na watoto wake. Akamkatia jirani yake nusu ya plaketi, sababu jirani naye alikuwa halali, analia bure tangu azae. Jirani akameza. Kesho yake hakuweza kuamka: mdomo mkavu, macho yanaona ukungu, mtoto analia pembeni. Dawa ni moja, farmasi ni moja. Kwa nini mmoja amesimama na mwingine ameanguka?

Majibu hayakosi. Wengine wanasema dawa ni ya bandia. Wengine wanasema kuna mkono wa mtu. Wengine wanasema damu zao hazifanani. Dawa za bandia zipo sokoni, hilo hatulikatai. Lakini wale wa damu wamekaribia ukweli kuliko wanavyojua wenyewe, na wataalamu wa dawa wanalichunguza jambo hilo tangu zaidi ya miaka 50.

Huko Uswidi, katika miaka ya 1960, profesa Folke Sjöqvist na wenzake waliona kwamba wagonjwa waliopewa kadiri ileile ya dawa ya huzuni hawakuwa na kiwango kimoja cha dawa katika damu. Mmoja alikuwa na kidogo sana, mwingine nyingi mara kadhaa. Tofauti hiyo inatoka wapi? Ili kujua, wakaita mapasa. Kila mama mapasa anajua kwamba kuna mapasa waliofanana hata baba anawachanganya, na kuna wale waliozaliwa siku moja tu, lakini kila mmoja na sura yake. Wote wakapewa nortriptilini, ambayo ni dawa ileile mwili wetu unayoitengeneza wenyewe tukimeza amitriptilini. Matokeo yalitoka mwaka 1969. Mapasa wanaofanana kabisa walikuwa na kiwango karibu sawa katika damu. Wale wasiofanana walitofautiana zaidi. Basi namna mwili unavyoipokea dawa tunairithi kwa wazazi, kama tunavyorithi pua na sauti.

Kulikuwa na jambo la pili, na kwetu sisi ndilo kubwa. Pale ambapo mapasa walikuwa wanameza dawa nyingine pamoja na ile, kufanana kwao kulipungua. Dawa za jamii ya fenobarbitali, ambayo hapa watu wengi wenye kifafa wanaimeza, zilishusha kiwango cha nortriptilini katika damu.

Ili tuelewane, tutazame mbabula. Ini letu linaichoma dawa kama mbabula inavyochoma makala. Kila asubuhi wamama wawili wanapewa kopo moja moja la makala. Mbabula ya wa kwanza inachoma haraka: saa nne makala yamekwisha na sufuria imepoa. Mbabula ya wa pili inachoma polepole: kopo la leo halijaisha, la kesho limefika, na baada ya wiki makala yamejaa nyumba nzima. Kwa wa kwanza dawa ni kama hakuna kitu. Kwa wa pili kidonge kilekile kinageuka kuwa mzigo. Na dawa nyingine ukiiongeza juu, ni kama umepuliza moto ule au umeufunika.

Katika ini kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya, na kile kinachochoma dawa nyingi za huzuni kinaitwa CYP2D6. Hapa ndipo habari inakuja karibu na sisi. Collen Masimirembwa ni mtaalamu wa dawa, mtoto wa Zimbabwe, nchi ambayo malori yanayopita Kasumbalesa yanaifikia baada ya kuvuka Zambia. Mwaka 1996, pamoja na wenzake wa Zimbabwe na Uswidi, alionyesha kwamba Wazimbabwe wengi wana aina ya kimeng'enya hicho inayofanya kazi polepole. Katika damu walizozipima, nakala 34 kati ya 100 za jini hiyo zilikuwa za aina hiyo. Mwaka huohuo Eleni Aklillu na wenzake walipima Waethiopia, wakakuta kinyume: 29 kwa mia walikuwa na nakala zaidi ya kawaida, yaani mbabula ya kuchoma haraka sana. Kule Uswidi watu wa namna hiyo ni mmoja au wawili tu kwa mia.

Basi hata tukisema "dawa kwa Waafrika" tumekosea njia. Mharare na Mwethiopia hawana mbabula moja, na katika kiwanja kimoja cha Kamalondo kuna watu waliotoka Kasaï, Moba, Kasenga na Zambia. Tunayo Fakiti ya Farmasi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kama kuna kijana wetu anayetafuta kazi ya kuandika pale, kazi hii inamngoja.

Masimirembwa alirudi Harare, akaanzisha taasisi ya utafiti, na kazi yao juu ya dawa nyingine inatugusa. Ni efavirensi, kidonge cha virusi vya Ukimwi ambacho wamama wengi walikimeza kwa miaka. Kilileta ndoto za kutisha, kizunguzungu, hata huzuni nzito. Kwetu mtu akiota namna ile, haichelewi kusemwa ni bulozi. Mwaka 2008 watafiti wa Zimbabwe walionyesha kwamba aina ya jini inayochoma dawa hiyo polepole imeenea sana kwao, karibu nusu ya nakala zote, na wakashauri waliorithi nakala mbili za namna hiyo wapunguziwe karibu theluthi moja. Mwaka 2014 utafiti wa nchi kadhaa ulionyesha kwamba miligramu 400 zilifanya kazi sawa na 600. Tunafikiri juu ya wamama walioacha dawa miaka ile, na hakuna aliyewauliza wanaota nini.

Turudi kwa amitriptilini. Munganga anaanza na kadiri ndogo, kisha anapandisha, ndiyo njia ya kuijua mbabula yako bila kuipima kwa mashine. Mdomo mkavu na usingizi vinafika siku za kwanza. Huzuni yenyewe inachukua wiki mbili, tatu, nne kulegea, na wengi wanaacha katikati wakisema haifai. Kuacha ghafla nako kunaumiza: kichefuchefu, kutotulia, usingizi kukimbia. Mama anayenyonyesha ajue kwamba kiasi kidogo kinapita katika maziwa. Amwambie munganga, wala asiache au kuanza peke yake. Na plaketi ikae juu, pahali palipofungwa, sababu vidonge vichache vya mama vinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto.

Si kila huzuni inataka kidonge. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya kuzungumza kila wiki, vikiongozwa na watu wa palepale, vilipunguza sana ugonjwa huu. Kwa hali nzito, hapa mjini kuna Kituo cha Joseph Guislain.

Ukienda kwa munganga, beba plaketi zote za nyumbani unazomeza, hata ile ya kifafa, hata dawa ya miti iliyo katika chupa. Zaidi sana wewe uliye kwenye dawa za kifua kikuu. Rifampisini inapuliza moto wa ini kwa nguvu, na dawa ya huzuni inashuka katika damu. Munganga anaweza kuipandisha ili ifike. Kisha miezi sita inakwisha, rifampisini inaachwa, watu wanafurahi nyumbani, na moto unarudi polepole kuwa wa zamani. Katika wiki zinazofuata kiwango cha dawa kinapanda chenyewe, na wewe unameza vidonge vilevile. Ukiona usingizi mzito au moyo kwenda mbio wakati huo, usingoje siku ya randevu.