Mtoto anaweweseka usiku? Uliza kwanza ametazama nini

Kama wewe ni mzazi na pia ni mpenzi wa sinema na muziki, na hasa zile filamu za kutisha za mizimu, wanyonya damu na maiti wanaofufuka, makala haya yanakuhusu. Hatukusudii kukugombeza. Suala la kipi kinafaa na kipi hakifai kutazamwa au kusikilizwa tunawaachia masheikh wetu, ambao ndio wenye elimu yake. Safu hii ni ya afya, na swali letu leo ni moja tu: starehe hiyo unayoipenda ikifika kwenye macho na masikio ya mwanao, inamfanya nini?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya namna tunavyoishi. Familia nyingi zina sebule moja, na nyingine zina chumba kimoja ambacho mchana ni sebule na usiku ni malazi ya watoto. Televisheni iko hapo hapo. Baba anarudi kutoka kazini, anaswali Isha, anakula, kisha anawasha filamu yake. Mtoto wa miaka minne amejilaza mkekani, kando ya kochi. "Huyo kashalala," tunasema. Au tunasema, "Huyo hajui Kiingereza, hataelewa kitu."

Baada ya siku chache mtoto anaanza kupiga kelele usiku. Hataki kwenda chooni peke yake. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani anarudia. Hapo ndipo jirani mmoja anasema ana shetani, mwingine anasema amerogwa, na fedha ya ada inaishia kwa mganga. Hakuna aliyekumbuka kuuliza mtoto alikuwa anatazama nini saa tatu usiku.

MBONA MIMI SIDHURIKI?

Hili ndilo jibu la kwanza la mzazi mshabiki. Amezitazama filamu hizo tangu enzi za vibanda vya video, na mpaka leo ni mzima wa afya.

Kwanza tuelewe kwamba hata mwili wa mtu mzima hauchukulii hofu kuwa mchezo. Unapotazama tukio la kutisha, mwili unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Leiden, Uholanzi. Vijana 24 wenye afya nzuri walitazama filamu ya kutisha na, kwa wakati mwingine, filamu ya kuelimisha. Baada ya ile ya kutisha, kiasi cha protini moja inayosaidia damu kuganda, iitwayo faktari VIII, kiliongezeka katika damu zao. Damu haikuganda, lakini mwili ulijiandaa kana kwamba kuna jeraha linakuja.

Kinachomwokoa mtu mzima ni akili yake. Anajua yule ni mwigizaji, ile ni rangi nyekundu, na rimoti anayo mkononi. Filamu ikiisha, hofu inageuka kuwa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo utamu anaoufuata. Tena kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulioonyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha waliripoti msongo mdogo zaidi wa mawazo wakati wa janga la korona kuliko wasiozipenda. Kwa hiyo hatusemi kwamba ushabiki wako ni ugonjwa. Tunasema kwamba kinachokulinda wewe, mwanao hanacho bado.

KICHWA CHA MTOTO

Mtoto mdogo huamini anachokiona. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Glenn Sparks na Joanne Cantor, walichapisha uchunguzi wao kuhusu kipindi cha televisheni cha The Incredible Hulk. Humo mna mtu mwema ambaye akikasirika hugeuka jitu la kijani, na jitu hilo huwasaidia watu. Watoto wa miaka 3 hadi 5 waliogopa zaidi pale mtu yule alipogeuka. Wale wa miaka 9 hadi 11 hawakutishwa hivyo na mgeuko huo, kwa sababu walijua ni yule yule mtu mwema. Mdogo alitazama sura, mkubwa alifuata kisa.

Jambo hilo linajibu hoja ya Kiingereza. Mtoto haogopi maneno, anaogopa sura, damu na sauti. Kutojua lugha kunamwongezea hofu, kwa sababu maelezo ambayo yangempunguzia hayamfikii. Na aliyegeukia ukutani naye hajasalimika. Sauti ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya filamu ya kutisha: kimya kirefu, mlango unalia, halafu mshindo wa ghafla. Jaribu siku moja kuitazama filamu ya namna hiyo bila sauti, utaona jinsi inavyopoa.

Wengine husema, "Basi labda hao wa miaka mitatu, lakini wangu ana miaka kumi, ni mkubwa." Tarehe 31 Oktoba 1992 shirika la BBC lilionyesha mchezo uitwao Ghostwatch. Ulitengenezwa ufanane na matangazo ya moja kwa moja kutoka kwenye nyumba yenye mzimu, na ukaendeshwa na mtangazaji mashuhuri, Michael Parkinson, ambaye watu walizoea kumwamini. Mwaka 1994 madaktari wa Coventry waliripoti katika jarida la BMJ habari za wavulana wawili wa miaka 10 ambao baada ya kuutazama walipata maradhi ya akili yanayotokana na mshtuko mkubwa, yale yale yanayowapata watu waliopita katika vita au ajali mbaya. Watoto hao waliogopa giza, waliogopa kulala peke yao, na picha zile ziliwarudia bila kuitwa.

Si kila mtoto atafika huko. Walio wengi hupoa baada ya siku kadhaa. Lakini mwaka 1999 Kristen Harrison na Joanne Cantor walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Takriban 9 kati ya 10 walikumbuka filamu au kipindi kilichowatia hofu iliyobaki nao baada ya kutazama, na zaidi kidogo ya robo walisema wasiwasi huo bado walikuwa nao hadi siku walipoulizwa. Hao walikuwa watu wazima, wasomi, wanaojua fika kwamba ilikuwa ni filamu tu.

MBONA BIBI ZETU WALITUSIMULIA MAZIMWI?

Swali hili ni zuri, na jibu lake lina faida. Bibi anaposimulia, mtoto humchora zimwi kichwani mwake kwa kadiri anavyoweza kulibeba. Bibi anamtazama usoni. Akiona macho yamemtoka, anapunguza sauti, anatia kichekesho, anamsogeza ubavuni. Na kwa kawaida mwisho wa hadithi zimwi hushindwa, ndipo watoto wakalale.

Filamu haimtazami mtoto. Haijui kama ana miaka minne au arobaini, na haipunguzi kitu. Zimwi lake limeshachorwa na mafundi waliosomea kuwatisha watu wazima. Basi mzazi asijifananishe na bibi ikiwa yeye na mwanawe wote wawili wamekodolea macho kioo.

USINGIZI NDIO UNAOLIPA

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wake wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa moja. Mtoto wa mwaka mmoja na walio chini yake hawashauriwi kukaa mbele ya kioo kabisa. Usingizi ukikatika, mtoto huamka na hasira, husinzia darasani na madrasa, na wengi wetu humwita mvivu.

Ni vyema pia mzazi atofautishe mambo mawili. Ndoto mbaya huja zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mtoto huamka, hulia, hukumbuka alichokiota na hutaka kushikwa. Lakini yupo mtoto ambaye saa moja au mbili tu baada ya kulala huinuka akipiga kelele, macho wazi, hamtambui hata mama yake, na asubuhi hakumbuki lolote. Hali hii ya pili humtisha sana anayeiona, nayo ndiyo inayodhaniwa upesi kuwa ni shetani. Hutokea kwa watoto wengi wenye afya, hasa wakichoka sana au wakikosa usingizi, na kwa kawaida huisha mtoto anapokua. Usimtikise, usimmwagie maji. Kaa naye asije akajiumiza, mpaka atulie. Kumsomea dua ni jambo jema. Ongeza na kuzima televisheni mapema.

NA MUZIKI JE?

Muziki hautii ndoto mbaya kama filamu, lakini una madhara yake katika sikio. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Seli hizo zikifa hazioti tena, kwa mtoto wala kwa mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, muda huo huo, kiwango ni desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa usalama unapungua kwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 90 ni saa 4 kwa wiki nzima. Desibeli 100 ni kama dakika 20 tu.

Sasa tazama sabufa yako umeiweka wapi. Mara nyingi iko sakafuni, na sakafuni ndipo anapokaa mtoto anayetambaa. Wewe uko kwenye kochi upande wa pili unafurahia, yeye amekaa karibu nayo kiasi cha kuigusa. Kipimo chepesi ni hiki: kama inakubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, muziki huo umezidi. Na mtoto akilalamika kwamba masikio yanavuma, usimpuuze.

UFANYE NINI?

Huhitaji kutupa televisheni. Mwaka 2012 Michelle Garrison na Dimitri Christakis walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Seattle, Marekani, kwa familia 565 zenye watoto wa miaka 3 hadi 5. Wazazi hawakuambiwa wazime televisheni, waliambiwa wabadilishe wanachotazama watoto: vipindi vya vurugu vitolewe, viwekwe vya kujenga. Watoto wa familia hizo walipata matatizo machache zaidi ya usingizi kuliko wa kundi jingine. Kwa hiyo fanya haya:

1. Filamu yako ya kutisha ipe saa yake, nayo ni baada ya watoto kulala chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, itazame kwenye simu ukiwa umevaa spika za masikioni na kioo umekigeuza upande wako.

2. Tazama alama ya umri kabla ya kuwasha. Bodi ya Filamu Tanzania na Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya huzipangia filamu madaraja. Namba 16 au 18 haikuwekwa kuwa pambo.

3. Saa moja ya mwisho kabla ya kulala iwe ya utulivu. Zima kioo, punguza taa, simulia hadithi.

4. Sabufa iondoke sakafuni, na sauti ishuke.

5. Mtoto akishaogopa, usimcheke wala usimwambie "mwanamume haogopi". Atanyamaza, lakini hofu itabaki. Akiwa chini ya miaka saba, maelezo marefu hayamfai: mpakate, mpe kinywaji cha uvuguvugu, mwachie taa ndogo. Akiwa mkubwa, mweleze jinsi zile sura zinavyotengenezwa kwa mpira na rangi, na mwache aulize.

6. Hofu, kukosa usingizi au kukojoa kitandani kukiendelea zaidi ya mwezi, au mtoto akikataa shule, mpeleke hospitali. Mweleze daktari wazi alichokitazama. Si aibu.

Mpenzi wa filamu na hadithi ana hazina ya kumgawia mwanawe, kwani anajua kisa kizuri kinavyojengwa na anajua kukisimulia. Mgawie hiyo kwa kadiri ya umri wake. Hayo mengine yasubiri. Miaka 18 si mingi, na atakapofika atakaa kwenye kochi pamoja nawe akiwa na akili ya kutosha kujua kwamba ile ni rangi nyekundu tu.