Peke Yetu Nyikani, na Ahadi kwa Mama

Ndugu wasomaji, safari ina adabu zake, na safari ya mtu peke yake ina adabu zaidi. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar na kuandikwa na Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha juu ya kusafiri usiku bila mwenzi. Hayo ndiyo aliyotukumbusha mama yetu, aliyeko Tanga, mnamo Septemba 2022, tulipomweleza kwamba tumekusudia kutembea kwa miguu, bila mwenzi, katika milima ya Scotland. Hakutukataza. Alitaka ahadi mbili tu: tusitembee gizani, na kila jioni apate habari zetu.

Njia yenyewe huitwa West Highland Way. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1980, nayo ina urefu wa kilomita 154, kutoka Milngavie, karibu na Glasgow, hadi Fort William. Siku tunayoieleza tulitoka Bridge of Orchy kuelekea Kingshouse, mwendo wa kilomita 20 hivi, tukipita ukingoni mwa Rannoch Moor, nyika pana ya vinamasi isiyo na mji wala duka. Mgongoni tulibeba shanta lenye hema, chakula, ramani na dira.

Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita na kulala katika sehemu kubwa ya nyika hizo bila kuomba ruhusa, mradi awe na adabu. Apige hema mbali na nyumba na barabara, asikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili au tatu, asiache taka, na akienda haja awe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Muislamu hashangazwi na sharti hili la mwisho, kwani Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza kuchafua vyanzo vya maji, njia na vivuli vya watu.

Saa tisa mchana tulifika kwenye daraja la mto Bà, mguu wa kulia ukiwa umechubuka na kutoa malengelenge. Tukatawadha kwa maji baridi mno, tukaelekea Kibla, ambacho kutoka huko kiko kusini-mashariki, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama alivyoruhusiwa msafiri. Kisha tukapiga hema tulale hapo.

Tulipotoa simu, hapakuwa na mtandao. Tukapanda kilima kilichokuwa karibu. Hapakuwa na kitu. Kosa lilikuwa letu, kwani tulitoa ahadi bila kuichunguza njia. Tukibaki, mama angekesha. Tukiondoka, huenda giza lingetukuta, na ahadi ya pili ingevunjika. Ilikuwa saa kumi na moja, na jua lingezama saa mbili. Tukapima masafa kwenye ramani, tukaona kwamba hata kwa kuchechemea tungewahi. Tukafunga kidonda, tukang'oa hema, tukaondoka.

Saa moja na dakika arobaini, karibu na Kingshouse, simu ikapata mtandao. Tanga ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Mama akapokea mara moja. Alikuwa angali juu ya msala, chakula chake kikiwa hakijaguswa. Hakutulaumu; alisema "Alhamdulillahi", akanyamaza. Ukimya ule ulituuma kuliko kidonda.

Usiku huo tulilala kando ya mto Etive, usubi ukitushambulia mpaka tukafunga mlango wa hema. Alfajiri tukaswali, tukaokota kila kipande cha taka, tukaacha majani yaliyolala tu.

Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi leo husafiri peke yao kwa masomo, kazi na matembezi. Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu maandishi ya njia mtakayopita, mahali mtakapolala, na saa ambayo akiwa hajawasikia atafute msaada. Mwambieni pia ni wapi simu haitashika. Mtu aendaye peke yake haendi peke yake kabisa: nyumbani kuna moyo unaotembea naye hatua kwa hatua, nao pia ni amana.

Wallahu aalam.