Rangi mtoni: Kuhamisha, kufifisha na kuvunja si visawe

HEBU leo tuanzie nyuma ya soko, kwa fundi anayetia jinzi kuukuu rangi upya. Akimaliza, maji ya karai huyamwaga mtaroni. Mvua ikinyesha, hao! Mtoni. Mjini Embu, mto wenyewe ni Rupingazi. Mjini Meru ni Kathita. Maji ya mito yote miwili huishia katika Mto Tana, na huko chini, hadi Garissa, kuna mtu anayeteka.

Rangi za viwandani hutengenezwa zisichujuke upesi. Hiyo ndiyo sifa yake nguoni na ndiyo balaa lake majini. Huzuia mwanga, mimea ya majini ikashindwa kufanya usanisinuru. Isitoshe, baadhi ya rangi za kundi la azo zikivunjika nusunusu huacha kemikali zinazoweza kuleta saratani.

Njia iliyozoeleka ni kuchuja, tuseme kwa makaa. Lakini hapo umehamisha tu: rangi imetoka majini ikaingia kwenye makaa. Nayo makaa utayatupa wapi?

Ndipo wanasayansi wakageukia kichocheo cha nuru. Neno hili linajieleza. Ukichochea moto jikoni, kinachoungua ni kuni, si wewe unayechochea. Katika kemia vilevile, kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Ila tusikichanganye na usanisinuru: ule hutumia nuru kujenga chakula cha mmea, hiki huitumia kubomoa.

Kinachotumika sana ni dioksidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za ukuta. Mwaka wa 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kuwa ikimulikwa inaweza kusaidia kuyagawa maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Katika maji machafu, miale huondoa elektroni mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo likikutana na maji, na elektroni ikikutana na oksijeni, huzaliwa chembe kali ajabu. Chembe hizo huishambulia molekuli ya rangi na kuikatakata hadi ibaki kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi.

Mbona basi hatuoni mitambo hii kila mahali? Kwanza, dioksidi ya titani huamshwa na urujuanimno, ile miale isiyoonekana inayochoma ngozi, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua. Ndiyo maana watafiti huichanganya na elementi nyingine, kama vile nitrojeni au fedha, ili itumie pia mwanga wa kawaida. Pili, ingawa Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, mwezi Julai mawingu na baridi ya mlima hulifunika jua. Tatu, unga ukishafanya kazi lazima utolewe majini. Usipotolewa, utakuwa uchafu mwingine. Wengine huugandisha juu ya kioo ili usichukuliwe na maji.

Lakini mtego mkubwa ni jicho letu wenyewe. Rangi huanza kupotea punde tu sehemu ya molekuli inayoonyesha rangi inapokatika, ilhali vipande vilivyobaki bado vinaelea. Ukisitisha kazi hapo, utakuwa na maji maangavu yenye sumu isiyoonekana. Heri hata yale ya buluu. Angalau mama mwenye mtungi angeyaogopa! Ndiyo sababu maabara makini hupima pia kaboni iliyobaki, si rangi peke yake.

Kwa hivyo ukiambiwa maji ya mtoni kwenu yamesafishwa, usiitikie tu. Uliza: rangi imehamishwa, imefifishwa au imevunjwa? Vitenzi ni vitatu, na ni kimoja tu kinachomfaa anayekunywa maji hayo.