Saa Moja na Saa Tatu: Lugha, Dola na Taarifa ya Habari ya Jioni katika Televisheni ya Taifa nchini Kenya

Utangulizi

Kwa miongo mingi, televisheni ya taifa nchini Kenya imesoma habari zake kuu mara mbili kila siku: saa moja jioni kwa Kiswahili na saa tatu usiku kwa Kiingereza. Mpangilio huu umezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa unatokana na nini. Hata hivyo, ratiba ya matangazo ni zaidi ya suala la kiufundi. Ni uamuzi kuhusu nani anasemeshwa, kwa lugha gani na katika wakati upi. Makala haya yanafafanua historia ya taarifa hiyo kwa kuhusisha mambo matatu: umiliki wa chombo, mfuatano wa habari na mgawanyo wa lugha. Hoja kuu ni kwamba ukiritimba wa dola juu ya maudhui ulivunjika, ilhali mgawanyo wa saa uliotokana na enzi hiyo ulidumu.

Chombo cha Dola

Televisheni ilianza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka 1962, chini ya shirika la utangazaji lililoundwa mwaka uliotangulia, wakati utawala wa kikoloni ukielekea ukingoni. Mwaka 1964, serikali ya taifa huru ilitwaa shirika hilo na kuligeuza kuwa Sauti ya Kenya, idara iliyowajibika kwa Wizara ya Habari. Tangu hapo, mhariri wa habari alikuwa mtumishi wa umma, na taarifa ya habari ikawa sehemu ya kazi za serikali.

Thamani ya chombo hicho ilidhihirika tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali. Miongoni mwa mahali pa kwanza walipopateka ni kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, ambako mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Tukio hilo lilihusu redio, lakini funzo lake liligusa utangazaji wote: anayeishika maikrofoni anaweza kudai kuwa ameishika nchi.

Mfuatano wa Habari

Katika utawala wa Rais Daniel arap Moi (1978–2002), taarifa ya jioni ilitambulika kwa ufunguzi wake. Shughuli za Mtukufu Rais zilitangulia, ziwe ni hotuba, harambee au ibada ya Jumapili. Habari nyingine zilifuata hata pale zilipokuwa na uzito zaidi kwa maisha ya wananchi. Kwa hiyo, mfuatano wa habari haukuakisi ukubwa wa matukio, bali ngazi za mamlaka. Shirika lilipobadilishwa jina mwaka 1989 na kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), desturi hiyo haikubadilika.

Mgawanyo wa Lugha

Mgawanyo wa saa unaweza kufasiriwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, Kiswahili kilitangulia, katika saa ambayo jamaa wengi huwa wamekusanyika nyumbani. Taarifa hiyo ikawa darasa la jioni la Kiswahili sanifu kwa watazamaji ambao lugha zao za kwanza zilikuwa nyingine. Kwa upande mwingine, saa ya mwisho, yenye nafasi ya kupokea habari zilizochelewa, ilitengewa lugha ya ofisi na mahakama. Hivyo basi, Kiswahili kilipewa umma mpana, nacho Kiingereza kikabaki na neno la mwisho.

Ushindani na Urithi

KTN, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilikuwa televisheni ya kwanza ya kibinafsi nchini. Kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991 kulipanua zaidi uwanja wa habari, na vituo vingine vikafuata. Vituo hivyo vilibadilisha sauti zinazosikika na kuwapa wapinzani nafasi. Lakini havikuigusa saa: Nipashe ya Citizen na Mbiu ya KTN zilisomwa saa moja kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaendelea kungoja saa tatu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Aidha, Ibara ya 34 inavitaka vyombo vya habari vya dola viamue maudhui yao kwa uhuru, visiegemee upande wowote na vitoe nafasi kwa maoni yanayotofautiana. Pamoja na hayo, tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima matangazo ya Citizen, KTN na NTV siku ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, Nairobi.

Hitimisho

Historia hii inabainisha kwamba uhuru wa taarifa ya habari haupimwi kwa wingi wa vituo pekee. Sheria inaweza kubadilika kwa siku moja. Mazoea ya chumba cha habari hubadilika polepole zaidi. Uchunguzi wa utangazaji wa umma unapaswa kuuliza, pamoja na nani anamiliki kituo, habari ipi inatangulia na ni lugha ipi inayoachiwa saa ya kufunga siku.