Kabla ya sindano, simu kwa bwana mifugo

Mtu aliyeng'atwa na mbwa akifika zahanati ya kijijini, iwe Tarime au Serengeti, anachoulizia kwanza ni sindano. Muuguzi ana la kwake la kutangulia: kidonda kimeoshwa? Kama bado, kioshwe palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Virusi vya kichaa cha mbwa huanzia kwenye jeraha kabla ya kushika mishipa ya fahamu na kupanda taratibu hadi kwenye ubongo, na vikishafika huko hakuna dawa. Baada ya hapo huja maswali ambayo hayamo kwenye kipimo chochote cha maabara. Mbwa ni wa nani? Yuko hai? Alichokozwa, au alitokea tu vichakani na kuuma? Amewauma wengine, watu au ng'ombe?

Majibu hayo yana uzito mkubwa katika kuamua kama mgonjwa anahitaji chanjo, na chanjo hiyo aghalabu huilipia mwenyewe, pamoja na nauli ya bodaboda hadi Mugumu au Tarime mjini kwa kila dozi. Ugumu ni kwamba muuguzi hajamwona mbwa. Anayeweza kwenda kumwona ni bwana mifugo.

Kuanzia mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishirikiana na serikali walijaribu kuwaunganisha wataalamu hao wawili katika wilaya 20 za mikoa minne: Mara, Lindi, Mtwara na Morogoro. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mhudumu wa afya anapompokea aliyeng'atwa hupima hatari kwa maswali yale, kisha humpigia simu afisa mifugo wa eneo husika. Afisa huenda kijijini. Akimkuta mbwa mzima, anaagiza afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akimkuta amekufa au ameuawa, anachukua sampuli ya ubongo kwa ajili ya kipimo, kisha anarudisha jibu kwa aliyepiga simu.

Simu hiyo haimcheleweshi mgonjwa. Pakiwa na shaka, dozi ya kwanza hutolewa siku hiyohiyo, uchunguzi ukiendelea. Tena ratiba ya wiki moja iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 huisha kabla siku 10 za kumwangalia mbwa hazijatimia: dozi siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7, kila safari sindano mbili za mililita 0.1 ndani ya ngozi. Kwa hiyo anayedhani faida kubwa ya simu ni kuokoa dozi atakuwa ameipima vibaya. Faida kubwa ni mtu wa pili. Bwana mifugo akifika kwenye boma hukuta kwamba mbwa yuleyule alimparua mtoto wa jirani, na mtoto hakupelekwa popote kwa sababu jeraha lilikuwa dogo.

Watafiti waliokuwa wakifuatilia kila tukio la kung'atwa wilayani Serengeti tangu mwaka 2002, kutoka mbwa hadi mbwa na kutoka boma hadi boma, ndivyo walivyowapata watu ambao vitabu vya hospitali havikuwa nao. Waligundua pia kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani chini ya mbwa wawili, na ndiyo maana kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa kunatosha kuukata ugonjwa. Baadhi ya watafiti hao walivutwa huku kwanza na wanyamapori: mbwa mwitu waliotoweka kwenye nyanda za Serengeti mwaka 1991, na simba waliokufa kwa maradhi mengine ya mbwa mwaka 1994. Ikaonekana kwamba chanzo ni mbwa wa nyumbani, yule anayelinda boma na kufuata ng'ombe malishoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania nzima.

Turudi chumba cha sindano, maana huko nako mambo huharibika. Sindano ya ndani ya ngozi ina ugumu wake. Ikichomwa sawasawa, huinuka kijivimbe chenye vinyweleo vilivyojichora kama ganda la chungwa. Kijivimbe kisipotokea, dawa imezama chini ya ngozi au imemwagika, na mwongozo hauna kigugumizi: rudia dozi hiyo, mahali pengine, ndani ya ngozi. Mwenye kutumia njia ya msuli achome begani, au pajani kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Asichome tako, kwa kuwa kinga inayopatikana hapo ni hafifu.

Mgonjwa aliyepaswa kurudi Jumatatu akatokea Alhamisi, kwa kuwa mto ulifurika au nauli ilikosekana, haanzi upya. Anaendelea alipoishia. Kituo kikiishiwa aina moja ya chanjo, inaruhusiwa kumalizia kwa nyingine, hata kubadili kutoka sindano ya msuli kwenda ya ngozi. Mama mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa. Nayaandika haya gazetini kwa makusudi: mgonjwa akiyajua hataogopa kurudi amechelewa, wala muuguzi hataogopa kumpokea.

Jokofu ni mtihani mwingine. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu chanjo ya mbwa aina ya Nobivac, ukionyesha kwamba iliyowekwa kwenye nyuzi joto 25 kwa miezi sita, au 30 kwa miezi mitatu, iliwajengea mbwa kinga sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Vikatengenezwa vyungu maalumu vya udongo vya kuihifadhia vijijini, kazi ya akili nzuri kweli. Lakini ruhusa hiyo ni ya kichupa cha mbwa. Chanjo ya binadamu hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishachanganywa na maji yake itumike ndani ya saa 6 hadi 8, tena ikiwa kwenye baridi. Umeme ukikatika usiku kucha, mhudumu asiitupe wala asiitumie. Aitenge kwenye baridi, aandike "usitumie", anukuu joto alilolikuta na muda uliopita, kisha ampigie mfamasia au mratibu wa chanjo wa wilaya. Uamuzi ni wao, na wanauweza tu wakipewa takwimu za kweli.

Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra, ila hausubiri mtu apekue kitabu. Anayezirai kwa woga hupauka, mapigo ya moyo hupungua kasi, naye akilazwa miguu juu huzinduka upesi. Mwenye mzio hutoka vipele, midomo huvimba, hukoroma kifuani na mapigo hukimbia. Huyo anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja mara moja, nusu miligramu kwa mtu mzima. Baadaye tukio lijazwe kwenye fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Fomu hiyo ndiyo wengi huikwepa, kwa kuhofia kwamba jina lililoandikwa litageuzwa kuwa mshtakiwa. Hofu haitoki hewani. Kisiwani Samoa, mwaka 2018, watoto wachanga wawili walikufa baada ya chanjo ya surua kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Wauguzi wawili walihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Chanjo ikasimamishwa, wazazi wakaikimbia, na mwishoni mwa mwaka 2019 surua ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Karibu zaidi na kwetu, Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto 15 walipoteza maisha mwaka 2017: bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia chanjo ya surua kwa siku nne, na chanjo yenyewe haikuwa kwenye baridi. Kote kuwili chanjo ilifika ikiwa nzima. Kifungo hakiondoi kichupa cha dawa ya kulegeza misuli kwenye rafu ya chanjo. Anayekiondoa ni yule aliyekaribia kukosea jana akasema, na mkubwa wake akamsikiliza bila kumkaripia.

Kuna swali moja linaloweza kumkwamisha hata mhudumu mzoefu: mtu aliyeng'atwa miezi miwili iliyopita, kidonda kimeshapona, sasa amesikia kwamba mbwa yule alikufa siku chache baada ya kumng'ata. Virusi kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya dalili, na mara nyingine hufikia mwaka. Huyo asirudishwe nyumbani. Anaanza dozi ya kwanza leo, kama aliyeng'atwa asubuhi hii, na bwana mifugo anapigiwa simu vilevile, maana mbwa aliyekufa miezi miwili iliyopita huenda aliuma wengine.